Kipimo kinasema sina malaria, lakini kila usiku naloa

Shikamoo Bi Mkunga,

Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi hapa Tanga. Nina miaka 49, mume na watoto watatu, kitindamimba yuko kidato cha pili. Nakuandikia saa nane na nusu usiku nikiwa nimekaa chini jikoni, maana nyumba nzima hakuna pengine penye sakafu ya baridi kama hapa. Usinicheke.

Yalianza mwaka jana, wiki chache kabla ya Ramadhani. Nilikuwa ubaoni nafundisha sehemu, darasa la nne, nimechora chungwa nalikata vipande vinane. Ghafla nikahisi kama mtu kanifungulia mlango wa tanuri kifuani. Joto likapanda shingoni, likafika usoni, jasho likachuruzika chini ya mtandio mpaka machoni. Dakika tatu hivi, likaondoka, nikabaki natetemeka kwa baridi. Mtoto mmoja wa dawati la mbele akaniuliza, "Mwalimu, unalia?" Nikamwambia ni vumbi la chaki.

Tangu hapo haipiti siku. Mchana mara tano au sita, usiku sihesabu tena. Nabadilisha kanga mbili mpaka tatu kabla ya alfajiri, shuka unaweza kulikamua.

Zahanati nimekwenda mara tatu. Kipimo cha malaria kilisema sina, lakini mara mbili niliandikiwa dawa ya malaria hivyo hivyo, na ya tatu nikaambiwa ni taifodi iliyochanganyika na UTI. Nimemeza vidonge mpaka tumbo likakataa. Halafu dada mmoja anayeuza dawa kwa simu akaniambia homoni zangu zimevurugika, akaniletea unga wa kubalansi homoni na kusafisha kizazi. Shilingi 85,000. Nilichopata ni kuharisha wiki nzima.

Siku zangu nazo zimekuwa vituko. Zamani ningeweza kukutajia tarehe ya mwezi ujao bila kutazama kalenda. Sasa inapita miezi miwili kimya, kisha zinakuja kama bomba limepasuka, na mabonge, siku kumi hazijakatika. Ramadhani iliyopita ilifika mahali sijui leo nafunga au sifungi, nasali au sisali. Sindano ya uzazi wa mpango niliacha nikiwa na miaka 46, nikijua kwangu mambo ya kuzaa yamekwisha.

Kubwa ni la nyumbani. Mume wangu ana miaka 57, kazi yake ni bandarini, mtu mpole sana. Lakini kukutana naye sasa ni kama kukamuliwa ndimu kwenye kidonda. Nikaanza kusingizia uchovu, mara kusahihisha madaftari, mara kichwa. Yeye akahamia sebuleni, anasema feni ninayoiwasha namba ya mwisho usiku kucha inamtia mafua. Wiki iliyopita akaniuliza, kwa sauti ya chini kabisa, kama kuna mtu mwingine. Nililia, kisha nikapandwa na hasira nikavunja sahani. Mimi, ambaye watoto wa shule wananiita Mwalimu Taratibu.

Wifi yangu anasema nimetupiwa jambo. Shoga yangu muuguzi anasema ni ukomo wa hedhi na kwamba ziko dawa za homoni, lakini hapo hapo anaongeza kuwa zinaleta saratani ya titi. Mama mkubwa wangu alifariki kwa saratani hiyo, akiwa na miaka sabini na kitu. Na presha yangu ilipopimwa mara ya mwisho ilikuwa 150 kwa 95, dawa sijaanza. Jirani mwingine ananishauri shabu, eti itanirudisha usichana mume asitoke tena.

Mama yangu hakunisimulia neno juu ya haya, na sasa hayupo nimuulize. Nivumilie kama alivyovumilia yeye, au kuna la kufanya?

Mama wa Watatu, Tanga

*

Marahaba mdogo wangu. Sikucheki hata kidogo. Mimi nimezalisha miaka 34, na fukuto langu la kwanza, yaani hilo joto la ghafla, lilinikuta nimeshika kichwa cha mtoto anayetoka. Jasho likanidondoka puani, mama wa watu akaniuliza kama mkunga anaumwa kuliko yeye. Nilijua vitabu vinasemaje, lakini miezi minne nilijidanganya kuwa ni joto la wodi. Kwa hiyo wewe uliyekaa kwenye sakafu ya jikoni una mwenzako.

Shoga yako muuguzi amepatia jina la jambo, kwenye dawa ndiko alikokosea, na hapo nitakuja. Tunasema mwanamke amekoma hedhi anapomaliza miezi 12 mfululizo bila kuona siku zake. Wengi hufika hapo kati ya miaka 45 na 55. Wewe bado hujafika, uko kwenye miaka ya kuelekea, ambayo kwa wengi ndiyo yenye vurugu kuliko yote. Mayai yanaelekea kwisha, na estrojeni, homoni ya kike inayotengenezwa pamoja nayo, haishuki kwa utaratibu kama ngazi. Leo iko juu, wiki ijayo iko chini. Mwezi ambao yai halikutoka, projesteroni, homoni mwenzake, nayo inakosekana, utando wa ndani ya kizazi unaendelea kunenepa bila wa kuuambia basi, na siku ukibomoka ndiyo lile bomba lako.

Na joto? Ndani ya ubongo kuna sehemu inayosimamia joto la mwili, mfano wa mpishi wa pilau anayejua lini aongeze mkaa na lini aupunguze. Estrojeni ikipungua mpishi huyu anakuwa mwepesi wa kushtuka. Kikombe cha chai, shuka zito, ugomvi mdogo na mwalimu mwenzako, naye anadhani nyumba inaungua. Anaamuru mwili upoe sasa hivi: mishipa ya ngozi inafunguka, damu inakimbilia usoni, jasho linamwagika. Kwa kuwa hapakuwa na moto wowote, ukishapozwa unabaki na baridi. Kule kutetemeka kulikokuogopesha ubaoni ndiko huko. Mwambie wifi yako hakuna aliyekutupia kitu.

Lakini sitaki uridhike na barua yangu ukabaki nyumbani. Hapa kwetu jasho la usiku lina wenyewe wengi. Kifua kikuu kinatoa jasho la usiku, kwa hiyo kama una kikohozi kilichozidi wiki mbili, au nguo zimeanza kukupwaya bila sababu, pima makohozi kabla ya lolote. Tezi ya shingo ikifanya kazi kupita kiasi inaleta joto, moyo kwenda mbio na hasira za kuvunja sahani. Sukari na VVU pia vipimwe, kwa mtu mzima yeyote si jambo la aibu. Malaria umepimwa, kipimo kimesema huna, basi dawa ya malaria uliyopewa baada ya hapo ilikuwa ya nani? Nakasirika kila nikisoma barua za namna hii, na nazipata nyingi. Mwanamke wa miaka 49 anasema anatoka jasho na hedhi imeyumba, na hakuna anayemuuliza umri.

Kuna kipimo kimoja ambacho hukihitaji: kile cha kupima kiwango cha homoni kwenye damu. Mwanamke aliyepita miaka 45 mwenye dalili kama zako, maelezo yake yanatosha. Homoni zenyewe katika kipindi hiki zinapanda na kushuka, ukipima Jumatatu na Alhamisi utapata majibu mawili tofauti, na utakuwa umelipa mara mbili. Ule unga ulionunua utupe. Hakuna unga unaosafisha kizazi, na kizazi chako si kichafu.

Jambo linalonifanya nitake uende hospitali wiki hii, wala si mwezi ujao, ni ile damu. Kuyumba kwa hedhi ni kawaida ya umri wako, lakini siku kumi na mabonge si ya kuachia hivi hivi. Huenda ni utando ulionenepa kama nilivyokueleza, huenda una faibroidi, ule uvimbe wa kizazi ambao wanawake wa Kiafrika tunao wengi sana, na mara chache huwa ni saratani inayoanza. Ukifika pale Hospitali ya Bombo omba kuonana na daktari wa magonjwa ya wanawake. Upigwe picha ya ultrasaundi, upimwe wingi wa damu, kwa maana nina wasiwasi nusu ya uchovu unaosingizia ni uchovu wa kweli wa damu kupungua, na uangaliwe mlango wa kizazi. Kile kipimo cha siki cha mlango huo hakichukui muda wala hakiumizi. Daktari akitaka kuchukua kinyama kidogo cha utando wa kizazi akapime, mkubalie. Na kwa siku za mbele: ukishamaliza mwaka mzima bila hedhi kisha ukaona damu, hata tone moja, hata miaka kumi baadaye, hiyo si hedhi iliyorudi kukusalimia. Nenda siku hiyo hiyo.

La kufunga na kusali usibaki nalo peke yako. Damu ikipita siku ulizozoea ina hukumu yake, ndiyo istihadha, na mwanachuoni wako wa kike au ustadhi wa mtaani atakupangia. Mchukulie kalenda uliyoandika tarehe, usimpelekee kumbukumbu za kichwani. Kalenda hiyo hiyo mpe daktari.

Kabla sijasahau: pima mimba pia. Najua umeguna. Miezi miwili kimya kwa mwanamke aliyeacha sindano akiwa na 46, mimi nimewapokea wawili wodini waliodhani ni ukomo wa hedhi. Kanuni tunayoifuata ni hii: hedhi ikikoma ukiwa hujafika miaka 50, endelea kujikinga miaka miwili, ikikoma ukiwa na 50 au zaidi, mwaka mmoja. Na dawa za homoni za ukomo wa hedhi hazizuii mimba.

Sasa tuje kwenye hizo homoni zenyewe, ambazo shoga yako anazitaja kwa kunong'ona. Hofu yake ina tarehe. Julai 2002 nchini Marekani ulisimamishwa utafiti mkubwa uliokuwa ukiwapa wanawake zaidi ya 16,000 ama vidonge vya estrojeni pamoja na projestini, dawa inayofanya kazi kama projesteroni, ama vidonge visivyo na dawa. Habari ikasambaa dunia nzima kuwa homoni zinaleta saratani, wanawake wakatupa dawa zao, madaktari wakaogopa kuandika, na sisi tuliokuwa kazini huku tukafundishwa woga huo bila kuelezwa hesabu yake. Hesabu ilikuwa hivi. Chukua wanawake 10,000, tuseme wamejaa pale uwanja wa Mkwakwani, wote wanaomeza vidonge visivyo na dawa. Kwa mwaka mmoja 30 walipata saratani ya titi. Katika 10,000 wengine waliomeza homoni, walikuwa 38. Hao wanane ni watu, siwadharau. Viharusi navyo viliongezeka kwa wanane, na damu kuganda mapafuni vivyo hivyo. Upande wa pili nyonga zilizovunjika zilipungua, na saratani ya utumbo mpana ikapungua.

Ambacho vichwa vya habari havikusema ni kwamba wastani wa umri wa wanawake wale ulikuwa miaka 63. Wengi wao hedhi ilikwishakoma zaidi ya miaka kumi, mishipa yao ilikuwa imezeeka, na walipewa aina moja ya vidonge. Wewe una miaka 49. Matokeo yale yalipochambuliwa upya kwa kutazama umri, ikaonekana kuwa mwanamke aliye chini ya miaka 60, au ambaye hedhi yake haijapitisha miaka kumi tangu ikome, na asiye na kizuizi, faida kwake kwa kawaida inazidi hatari. Huo ndio msimamo wa vyama vikubwa vya wataalamu wa jambo hili leo. Na kwa joto na jasho hakuna dawa inayoifikia estrojeni. Inapunguza mafukuto kwa kama robo tatu.

Sasa tukuangalie wewe, maana dawa hii haigawiwi kama panado. Una kizazi, kwa hiyo estrojeni peke yake hupewi. Itanenepesha ule utando na baada ya muda inaweza kuzaa saratani ya kizazi. Lazima iende na projesteroni. Presha yako ya 150 kwa 95 ipimwe tena siku tofauti, ukiwa umekaa dakika tano bila kuzungumza, na ikibaki hapo uanze dawa ya presha kwanza. Presha ikishatulia haikuzuii kutumia homoni. Ila kwa mtu mwenye presha mimi ningemwomba daktari estrojeni ya kupitia kwenye ngozi, yaani plasta ya kubandika au jeli ya kupaka, badala ya kidonge. Kidonge kinapita kwenye ini kwanza na huko ndiko kinakochochea damu kuganda. Cha kwenye ngozi hakipiti njia hiyo.

Mama mkubwa wako, Mungu amrehemu, aliugua akiwa mtu mzima wa miaka sabini na kitu. Hiyo peke yake haikufungii mlango. Angekuwa mama yako mzazi au dada yako, tena katika umri mdogo, mazungumzo yangekuwa mengine. Mtaje kwa daktari, na uchunguzwe matiti kabla ya kuanza. Wanaofungiwa ni aliyekwishapata saratani ya titi mwenyewe, aliyewahi kupata kiharusi au shambulio la moyo, mwenye historia ya damu kuganda miguuni au mapafuni, mwenye ini linaloumwa, na mwenye damu ya ukeni ambayo chanzo chake hakijajulikana. Hilo la mwisho ni wewe kwa sasa. Umeona kwa nini naanza na ultrasaundi?

Kuna njia moja ambayo kwa hali yako ningeiulizia kabla ya nyingine: kitanzi chenye homoni. Kinawekwa ndani ya kizazi, kinatoa projestini kidogo kidogo hapo hapo. Kinapunguza damu nyingi sana, kinazuia mimba, na kinaulinda utando wa kizazi ili uweze kubandika plasta ya estrojeni bila wasiwasi. Shida tatu kwa kitu kimoja kidogo kuliko kiberiti. Faibroidi zikiwa zimepinda umbo la kizazi hakikai vizuri, hilo daktari ataliona kwenye picha. Kama hukitaki, iko projesteroni ya kumeza usiku, nayo ina kauzito ka usingizi ambako wewe hutakalalamikia.

Usishangae ukizungushwa. Plasta na jeli si kila duka la dawa linaweka, na bei yake inauma. Ulizia kabla ya kuanza kama utaweza kuimudu kila mwezi, maana dawa ya mwezi mmoja kisha mapumziko ya miezi miwili haina maana. Ukianza, jipe mpaka miezi mitatu kuona nafuu kamili. Mwanzoni matiti yanaweza kujaa, kichefuchefu kidogo, matone ya damu ya hapa na pale. Kisha kila mwaka mnakaa na daktari mnaangalia presha, matiti, na kama bado unaihitaji. Hakuna tarehe iliyoandikwa ukutani ya kuiacha.

Na ikiwa baada ya vipimo utaambiwa homoni hapana, au wewe mwenyewe moyo wako hautaki, bado hujaachwa mkono mtupu. Zipo dawa zilizotengenezwa kwa ajili ya sonona, kama venlafaksini, ambazo kwa kipimo kidogo hupunguza fukuto. Gabapentini inayomezwa usiku inawasaidia wanaolowa jasho kitandani. Daktari ndiye wa kuandika, usinunue kwa kuelekezwa na jirani. Marekani mwaka 2023 waliidhinisha dawa mpya isiyo ya homoni, fezolinetanti, inayokwenda moja kwa moja kumtuliza yule mpishi wa ubongoni, lakini ni ghali na ini lazima lipimwe mara kwa mara.

Utaniuliza kuhusu chakula na mazoezi. Nitakuwa mkweli, kwa sababu hapa ndipo watu wanapouziwa maneno. Kutembea hakuthibitiki kuondoa fukuto. Maharage ya soya utafiti wake unavutana, yale tu kama unayapenda. Lakini kupunguza uzito kwa mwenye uzito mkubwa kumeonekana kusaidia, na mwili ulio na mafuta mengi kiunoni katika umri huu unaita sukari na presha. Mimi nilipunguza chapati za asubuhi na soda za harusini, na nikaanza kutembea kutoka nyumbani mpaka sokoni, nusu saa kwenda, siku tano za wiki. Sikuacha kutoka jasho. Nililala vizuri zaidi, na presha ikashuka.

Kitu kimoja ambacho hukihisi sasa ni mifupa. Estrojeni ikishuka mifupa inapungua uzito, na miaka ya kwanza ndiyo inayopungua haraka zaidi. Dagaa wanaoliwa na miba yao, maziwa mgando, ufuta, jua kidogo la asubuhi mikononi. Na beba vitu. Ndoo ya maji, madumu mawili madogo unayoyainua mara kumi mara kumi ukiwa unasubiri wali uive. Misuli inapovuta mfupa, mfupa unajijenga.

Usiku lala na kanga ya pamba, ile ya nailoni inayong'aa iwe ya shughuli. Taulo na kanga nyingine kavu viwe karibu na mto, usiamke kuvitafuta. Kama chai ya tangawizi ya moto au pilipili inakuwashia joto, utaijua ndani ya wiki moja ukiandika. Kama haikuwashii, kunywa chai yako. Darasani, fukuto likianza kupanda, vuta pumzi polepole puani mpaka tumbo linyanyuke, itoe polepole zaidi. Wataalamu wa saikolojia wana mafunzo maalumu ya kuongoza fikra wakati wa fukuto, na hayo yamethibitika. Hayaondoi joto, yanaondoa ile hofu ya kwamba watoto wote wanakutazama, na hofu ndiyo inayolifanya lionekane refu. Siku nyingine mtoto akikuuliza kama unalia, mwambie mwalimu anasikia joto, endeleeni na chungwa.

Tuje chumbani. Maumivu unayoyapata yana sababu ya mwili: estrojeni ikipungua ukuta wa uke unakuwa mwembamba na mkavu, na UTI za mara kwa mara zinaweza kutokea hapo hapo. Fukuto kwa wengi huja likaondoka, ukavu wenyewe hauondoki ukiachwa. Tiba yake ni rahisi kuliko zote nilizotaja. Ipo krimu ya estrojeni, na vidonge vidogo, vya kuweka ukeni kwa kipimo cha chini sana. Karibu hakuna kinachoingia kwenye damu ya mwili mzima, na wanawake wengi wasiofaa kumeza homoni bado wanaruhusiwa kuitumia. Kila usiku kwa wiki mbili, kisha mara mbili kwa wiki. Huku ukisubiri ifanye kazi, tumia kilainishi cha maji kinachouzwa duka la dawa. Mafuta ya nazi wengi wanayapenda nami sigombani nao, isipokuwa mkitumia kondomu, maana mafuta yanaipasua.

Shabu usiiguse. Nasema kwa ukali makusudi. Shabu inakausha na kukaza, na wewe shida yako ni ukavu. Ukiiweka kwenye ngozi iliyokwisha kuwa nyembamba itachubuka, itatoa damu, na vijidudu vitapata mlango. Nimewaona. Vile vile ndimu, moshi wa kufukiza, sabuni za kuoshea ndani. Maji matupu, kwa nje, yanatosha.

Mume wako alikuuliza kwa sauti ya chini. Mwanamume aliyekata tamaa haulizi kwa sauti ya chini, anaondoka. Mkalishe siku ambayo hamjagombana, baada ya isha, bila simu. Mwambie, "Mume wangu, hakuna mtu. Mwili wangu unabadilika, nikikutana nawe naumia, nikaona haya kukwambia." Maneno yasizidi hapo, mwache ayameze. Kisha mwombe akusindikize hospitali. Wanaume wengi nilioona wanaingia chumba cha daktari wakiwa wamenuna walitoka wamebeba mkoba wa mke. Hasira na machozi navyo ni sehemu ya mabadiliko haya, hasa kwa mtu asiyelala. Lakini ukiona huzuni imekaa zaidi ya wiki mbili haitoki, chakula hakina ladha, au unawaza afadhali usiwepo, hilo usilisubirishe mpaka miadi ya kizazi, mwambie daktari siku hiyo.

Uliuliza kama uvumilie kama mama yako. Uvumilivu wa mama zetu nauheshimu, ila hawakuwa na cha kuchagua. Wamarekani waliwafuatilia wanawake wao miaka mingi, wakakuta kwa nusu ya waliokuwa na mafukuto ya mara kwa mara yalidumu zaidi ya miaka saba, na kwa wanawake weusi wa huko zaidi ya kumi. Wewe unataka kukaa sakafuni mpaka ukistaafu?

Niandikie ukitoka Bombo, nataka kujua presha imesomekaje na picha imeonyesha nini. Barua ijayo iandike mchana. Na mzee arudi kitandani kwake, feni igeuzwe upande wako, yeye apewe blanketi.

Bi Mkunga